Akina Yosefu wa Katekista

Katekista hakupenda mtu aje kwake na jina la ubatizo alilolisikia redioni. "Hili jina umelitoa wapi?" angeuliza, na kijana asiyejua angerudishwa nyumbani akatafute jibu, hata kama padri alikuwa njiani na mbuzi wa sherehe ameshanunuliwa. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mtu wa upande wa Bor huko Sudan Kusini. Mguu wake wa kushoto ulichora mstari mchangani kila alipotembea, na watoto wa kambi ya Kakuma walijua amepita wapi kwa kufuata mstari huo.

Mimi nilimfahamu kwa sababu ya nguo nyeupe. Nina kibanda cha kushona Lodwar, karibu na soko. Nilifika huko kutoka Bungoma nikimfuata mume wangu, aliyekuwa karani wa serikali. Mume akahamishwa tena, mimi nikabaki na cherehani yangu. Kila palipokuwa na ubatizo Kakuma, kanisa liliniagiza kanzu, nami nilizipeleka mwenyewe, maana watoto hurefuka kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuvaa. Nilikaa nyuma ya kanisa, chini ya mabati, nikishusha pindo na kubana mabega, huku Katekista akifundisha mbele. Miaka ikapita hivyo. Nilisikia mafundisho yake ya majina mara nyingi kuliko mwanafunzi yeyote, sindano ikiwa mdomoni.

Mwaka 2012 akina Yosefu walikuwa wengi darasani mwake. Akiita jina hilo, nusu ya benchi inasimama. Wasudani walisema Yusif. Mkongo mmoja, kinyozi, alijiita Yozefu. Waturkana walisema Yosepu, kwa sababu ulimi wao hauipendi ile "f". Katekista hakumsahihisha yeyote kati yao. Alisema jina ni kama mtu aliyetembea sana, lazima vumbi la kila mji limkae miguuni.

Maana ya jina hilo aliifundisha akiwa amesimama, na hakuwa mtu wa kusimama bure kwa ajili ya ule mguu. Yosefu, alisema, maana yake ni "aongeze". Mama aliyekaa miaka bila mtoto alipompata wa kwanza, hapo hapo, hata kabla damu haijakauka, akaomba mwingine. Jina la mtoto likawa ndilo ombi lenyewe. "Sasa nyinyi mnaoitwa hivi," angewaambia, "mama yenu wa kwanza alikuwa hajashiba. Msishangae mkijikuta na njaa."

Kisha angewaeleza wenye jina hilo waliojulikana. Kulikuwa na Yosefu aliyeuzwa na ndugu zake akapelekwa nchi ya watu. Kulikuwa na Yosefu fundi seremala, aliyemchukua mke na mtoto mchanga akavuka mpaka, akaacha randa na misumeno yake nyuma. Huyu watu wa kambini walimpenda sana. Kina mama waliguna kila alipotajwa. Na kulikuwa na Yosefu tajiri aliyetoa kaburi lake mwenyewe kwa maiti ya mtu mwingine. Huyo wa tatu ndiye Katekista aliyemwonea wivu. "Mtu kuwa na kaburi lake," alisema, "na halafu awe na uwezo wa kuligawa."

Lakini kisa cha yule wa kwanza, aliyeuzwa, hakukimaliza hata siku moja. Alisimulia kanzu yake, ndoto zake, shimo, wasafiri na ngamia, na hapo Waturkana waliinua masikio. Alisimulia jela. Alisimulia vizuri hivi kwamba nimewahi kujichoma kidole. Akifika jelani, alifunga mkono kama mtu anayekamata nzi, akasema, "Kalas. Somo limekwisha." Ndugu kupatwa na njaa, ndugu kuja kuomba nafaka, hayo yote hakuyagusa.

Mtu aliyemwambia wazi alikuwa mwenye duka wa Kisomali, jirani ya kanisa, ambaye naye aliitwa Yusuf. Tulikuwa dukani kununua sabuni. Yusuf alikuwa akipima mchele, na bila kuinua macho akasema, "Katekista, hicho kisa hata sisi tunacho. Wewe kila siku unakikata mkia."

"Mkia wake ni mrefu," Katekista akajibu.

"Hapana, ndugu yangu. Mkia ndio kisa."

Katekista alichukua sabuni yake akatoka. Kwa muda mrefu baada ya hapo alivuka barabara kwenda duka la mbali, na ule mguu wake, na jua lile la Kakuma.

Sitaki mtu amdhanie mtakatifu. Alikuwa mkali, tena mkali wa kuchagua. Mwanafunzi akichelewa kwa sababu ya foleni ya maji alimsamehe. Akichelewa kwa sababu ya mpira alimtoa nje. Alikuwa na majivuno ya nguo. Shati lake lilikuwa moja jeupe, na kola yake niliigeuza mara kadhaa upande wa pili ili asionekane amechakaa. Chai aliinywa bila sukari. Kambini sukari ni heshima. Mgeni akiletewa chai kavu huanza kujiuliza amekosea wapi. Yeye, mwenyeji akimtilia hata kijiko kimoja, alikisukuma kikombe pembeni bila neno, na mwenyeji alibaki na aibu ambayo hakuijua chanzo chake.

Na kuna watu alioshindwa nao. Mama mmoja Mturkana, aliyeuza makaa kambini, alileta mwanawe mchanga akitaka abatizwe. Alikuwa amezika wawili kabla ya huyo. Walisalimiana, "Ejok," "Ejok nooi," kisha Katekista akamtazama mtoto akasema jina linalomfaa ni Yosefu. Akamweleza maana yake, kwamba mtoto huyu atafungua njia, wengine watafuata.

Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hiyo jina sitaki."

"Kwa nini, mama?"

"Nikiomba mwingine, Mungu atafikiri huyu simtaki. Huyu ametosha."

Mtoto alikuwa na jina lake la nyumbani tayari, Ekiru, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha, na padri alipokuja alimbatiza Petro. Siku ile Katekista hakufundisha tena. Alikaa kwenye benchi la nyuma, karibu nami, akaniuliza kama nadhani mtu anaweza kuombewa mabaya na jina lake mwenyewe. Nikamwambia mimi ni fundi wa nguo. Akasema, "Malesh, Mama Fundi. Nimeuliza tu."

Alichokiweza kuliko wote ni kupatanisha. Waturkana na wakimbizi waligombana mara kwa mara juu ya kuni, maana nchi ile miti yake ni ya kuhesabika na kila mti una mwenyewe. Yozefu kinyozi alikwenda kukata kuni kwenye laga, ule mto mkavu nje ya kambi. Akakutwa na vijana wa Kiturkana, wakampiga na kumnyang'anya panga. Mmoja wao alikuwa Yosepu aliyetengeneza pampu za maji, na wote wawili walikuwa wanafunzi wa Katekista. Kinyozi alikuwa na jicho lililofura, na Wakongo wenzake walikuwa wanakusanyana.

Katekista aliwaita wote wawili akawaketisha kwenye benchi moja, magoti yakigusana.

"Wewe unaitwa nani?"

"Yosepu."

"Na wewe?"

"Yozefu."

"Basi nani amempiga nani?"

Akawaambia kwamba wao ni wajina, na wajina ni ndugu ambaye mama hakupata uchungu wa kumzaa. Mtu hampigi wajina wake akabaki na jina zima. Yosepu wa pampu akaenda kuleta panga. Kinyozi naye akamnyoa bure, mbele ya watu, na Wakongo wakacheka kwa jinsi Mturkana yule alivyokaza shingo akiogopa wembe. Jambo lile likaisha. Watu walisema Katekista ana dawa kinywani.

Mama Abuk, mwimbaji wa kwaya aliyetoka kijiji kimoja na Katekista, hakucheka. Alikuwa ameshika kanzu ninayoishona, akaniambia kwa sauti ya chini, "Amwite na Yosefu wake."

Sikumwelewa. Akanionyesha kwa kidevu. Barabarani nje ya kanisa alikuwa anapita mwanamume mwenye baiskeli ya kubeba abiria, mrefu, mwembamba, mwenye paji la uso lile lile la Katekista. Nilishawahi kupanda baiskeli yake. Alikuwa mtu wa utani na salamu nyingi, ila alipofika mbele ya kanisa alinyamaza na kukanyaga haraka. Na Katekista, aliyekuwa anatazama nje, akageukia ukuta.

Ndivyo nilivyojua kwamba alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, mle mle kambini, na kwamba hawakuwa wamesemeshana tangu mdogo alipofika Kakuma akiwa kijana.

Mama Abuk alinisimulia yaliyowapata. Wakati wa vita vile vya zamani, watu wenye bunduki walikuja kijijini kwao kutafuta wavulana wa kuwafanya askari. Mama yao alimficha mkubwa kwenye matete kando ya mto, akamwambia mdogo asiseme. Mdogo alikuwa bado mtoto wa kuchunga ndama. Mmoja wa wale watu alichuchumaa mbele yake, akamwekea sukari kiganjani, akamuuliza kaka yake yuko wapi. Mtoto alilamba sukari. Kisha akanyoosha kidole kuelekea mtoni.

"Akamtoa kaka yake kwa sukari," Mama Abuk alisema. "Lakini mtoto wa umri ule anajua nini?"

Katekista alichukuliwa, akapigana vita asivyovitaka, akapigwa risasi ya mguu, akatoroka, akatembea mpaka Kakuma. Huku nyuma mdogo alibaki na mama. Kijiji kilipochomwa walikimbia wawili, na aliyefika ni mmoja. Watu walimletea Katekista habari kwamba mama amefariki. Alifariki wapi, vipi, nani alikuwa karibu, hayo aliyajua mtu mmoja tu, na huyo alipita na baiskeli mbele ya kanisa kila siku.

Nchi yao ilipokuwa imeshajitawala, wengi walirudi, na mwaka ule wa 2012 mdogo naye akaamua kurudi Bor. Nilikuwepo siku aliyokuja kuaga. Ilikuwa asubuhi, kanisani tulikuwa sisi wawili tu, Katekista akipangusa benchi. Mwanamume yule alisimama mlangoni na begi begani. Hakuingia.

"Nimekuja kuaga," alisema kwa Kiswahili, labda kwa ajili yangu, labda kwa sababu lugha yao ilimwia nzito.

Katekista aliendelea kupangusa. Benchi lile lilikuwa safi. Alilipangusa kutoka upande mmoja mpaka mwingine, akakunja kitambaa, akakikunjua, akaanza tena. Mdogo alisubiri. Nilikohoa, nikidhani labda kikohozi kitasaidia. Mwishowe mdogo akaniambia mimi, "Mama, kaa salama," akaondoka. Katekista alikwenda mlangoni baadaye, baada ya mtu kutoweka kabisa, akasimama pale akitazama barabara mpaka jua likamfikia usoni.

Mwaka uliofuata, uchaguzi ulipokwisha na Lodwar ikaanza kujaa maofisa wa kaunti na magari yao mapya, alikuja mjini kutibiwa mguu hospitalini. Alipitia kibandani kwangu, nikamvua shati nikampa leso ajifunike, nikakaa kuitengeneza ile kola. Nilimletea chai kavu. Labda ni kwa sababu alikuwa ugenini, labda ni kwa sababu alikuwa nusu uchi ndani ya leso ya maua, nikapata ujasiri.

"Katekista," nikamwambia, "Yosefu wa kwanza aliwasamehe ndugu zake. Kila mtu anajua. Kwa nini hufundishi?"

Hakukasirika. Alizungusha kikombe mikononi.

"Mama Fundi, yule ndugu zake walipomjia alikuwa mkubwa wa nchi. Alikuwa na ghala. Mtu mwenye ghala akisamehe, watu wanaona. Mimi sina ghala. Sina ng'ombe, sina nyumba, hata hii nchi si yangu. Kitu nilichonacho cha kumnyima ndugu yangu ni neno langu tu. Nikimpa hilo, nabaki na nini?"

"Unabaki na ndugu."

"Unasema hivyo kwa sababu una ndugu wengi," alisema, na ilikuwa kweli, tuko wengi kwetu. Akanywa chai yake ikaisha. Halafu akasema jambo ambalo nililiwaza miezi mingi. Alisema kinachomkosesha usingizi si ile siku ya matete. Siku ile ameshaichoka. Kinachomkosesha usingizi ni kwamba hajui mama yake alilala wapi, na ameapa hatamuuliza yule mtu, na sasa yule mtu ameondoka na jibu.

Nilimrudishia shati. Alilivaa, akafunga kifungo cha shingoni, akaenda zake.

Desemba 2013 vita vilizuka Juba, na kabla ya wiki kuisha tukasikia vimefika Bor. Watu walianza kuingia Kakuma kwa malori, na wengine kwa miguu. Siku chache baada ya Krismasi akina mama wa kanisa letu la Lodwar tulikusanya nguo tukazipeleka. Kwenye kituo cha kupokelea wageni palikuwa na watu wengi wamekaa chini kwa vikundi, na ajabu yake ilikuwa ukimya. Watoto wadogo hawakulia. Katekista alikuwa huko tangu siku ya kwanza, akitafsiri, akigawa maji, akiwauliza watu majina yao na ya waliowaacha. Sauti ilikuwa imemkauka. Mama Abuk naye alikuwepo, akipakua ugali na maharage.

Mchana lori jingine lilifika. Nilimwona mdogo wake akishuka kabla Katekista hajamwona. Hakuwa na begi. Alikuwa na msichana mdogo begani na kiatu kimoja. Mke sikumwona, na sikumwona hata baadaye.

Katekista alikuja na jagi lake la maji, akimhudumia kila mtu kwa zamu. Akafika kwa yule mwanamume. Alimtazama. Nilidhani atapita. Akamimina maji, mtoto akanywa, akamimina tena, baba akanawa uso. Kisha Katekista akamwambia kwa Kiswahili, kama anavyoambiwa mgeni, "Kaa pale."

Mama Abuk alipakua sahani moja, sijui kwa makusudi au sahani zilikuwa zimekwisha, akaiweka kati yao. Mtoto alikula kwanza, akalala papo hapo kwenye paja la baba yake, na ugali mdomoni. Wao wawili wakala kilichobaki. Hawakutazamana. Mimi nilikuwa nimepiga magoti hapo karibu nikichambua nguo za watoto, na sikuthubutu kusogea.

Katekista alisema, bado kwa Kiswahili, "Mama alifia wapi?"

Mdogo alimsogeza mtoto vizuri pajani. "Njiani. Tulikuwa tumepita mto wa pili. Alishikwa na homa."

"Ulimzika?"

"Sikuwa na nguvu ya kuchimba. Nilimfunika kwa matete na majani. Niliweka mawe."

"Unapajua?"

"Mwaka jana nilikwenda kutafuta. Mto umehama. Sikupaona."

Katekista alitikisa kichwa, polepole, kama mtu anayeambiwa bei asiyoiweza. Nikaona mkono wake unaanza kufunga, ule mkono wa kusema somo limekwisha. Lakini mdogo alikuwa bado anasema.

"Mwisho alikuwa hanioni vizuri. Alikuwa anakuita wewe. Usiku kucha alikuita, na asubuhi akakuita. Alikuwa anadhani umerudi, anauliza mbona huitiki." Akamfuta mtoto mdomo kwa kidole gumba. "Mimi nikaitika."

"Uliitikaje?"

"Niliitika kama wewe. Nilisema, mama, nipo. Akanishika mkono, akakutajia ng'ombe wako, akaniambia nisimpige mdogo wangu. Nikamwambia sitampiga. Ndipo akalala."

Watu walikuwa wanashuka kutoka lori jingine, mtu akawa anamwita Katekista aje atafsiri. Hakwenda. Uso wake ulikuwa umeinama juu ya ile sahani tupu, na mabega yalikuwa yanapanda na kushuka chini ya shati jeupe. Mama Abuk alishika mwiko bila kupakua. Kisha Katekista akasema neno moja. Halikuwa Yosefu. Lilikuwa jina fupi la lugha yao, la nyumbani, la mtoto anayechunga ndama. Sikuwahi kulisikia kabla ya siku ile na siwezi kuliandika sawasawa. Alilitaja kwa sauti ndogo sana, nikadhani halijasikika.

Mdogo wake aliinua kichwa, akaitika.